Tukague Ghala, Tusikague Nyuso

Kila ifikapo Novemba, majani yakishapukutika na baridi ya Minnesota ikianza kubisha hodi, hoja ile ile huzuka miongoni mwetu Waswahili wa viunga vya kaskazini vya Minneapolis: mwaka huu tutembelee wapi? Ni desturi yetu, familia chache za Coon Rapids, Blaine na Brooklyn Park, kuchanga kidogo tulicho nacho na kukipeleka kwenye mashirika ya hisani ya hapa hapa yanayosaidia familia na watoto wenye shida. Na kila mwaka tunagawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema twende sote, wake kwa waume pamoja na watoto wetu, tukajionee kwa macho. Wapo wanaosema tutume hundi kwa posta, tusiwasumbue watu na shida zao. Wote ni watu wema, na wote hudhani jambo lenyewe ni la ratiba tu: nani ana gari kubwa, nani hana zamu Jumamosi. Kwa maoni yetu si la ratiba. Ndani yake limo swali la maadili ambalo tungependa kulitafakari pamoja nawe, ndugu msomaji: je, anayetoa ana haki ya kumwona anayepokea?

Tuanze na hoja ya wanaotaka kwenda, kwani ina uzito wake. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Watoto wetu waliozaliwa huku wanaijua njaa kama picha ya televisheni: mtoto wa mbali, tumbo limemvimba, nzi wamemzunguka. Hawajui kuwa umaskini wa Marekani una sura nyingine kabisa. Una gari, na pengine gari hilo ndilo nyumba. Una simu ya mkononi, una sare safi ya kazini, una jokofu linalonguruma jikoni bila kitu ndani. Familia inaweza kuishi mtaa mmoja na sisi, watoto wake wakapanda basi moja la shule na wetu, nasi tusijue kwamba kila mwisho wa mwezi mama huruka mlo ili wanawe wale. Anayetuma hundi bila kuona chochote, mwisho wake hutoa kama anayelipa bili ya umeme. Mkono unatoa, moyo haumo.

Hapa Coon Rapids tuna bahati ya kuwa na mahali pazuri pa kutembelea. Shirika la Feed My Starving Children, lililoanzishwa mwaka 1987, lina makao yake makuu katika mji wetu huu, na watu wengi sana wa kujitolea hupita hapo kila mwaka kufungasha chakula. Waliokwishafika wanaujua utaratibu. Unavaa kofia ya wavu, unanawa mikono, unasimama mezani na wenzako. Mmoja anamimina vitamini, mwingine mboga zilizokaushwa, mwingine soya, mwingine mchele. Vyote vinapita kwenye faneli na kuingia mfukoni. Mfuko unapimwa kwenye mizani, unafungwa kwa joto, unapangwa ndani ya boksi. Mfuko mmoja ni milo sita. Boksi moja ni mifuko 36, yaani milo 216. Kisha maboksi husafirishwa kwenda nchi nyingine, ambako mashirika washirika ndiyo yanayowafikishia watoto chakula hicho.

Tulipowapeleka watoto wetu mara ya kwanza, mmoja wao, mvulana wa miaka minane, aliangaza macho ukumbi mzima, kisha akauliza, "Sasa hao watoto wenyewe wako wapi?" Alitarajia kuwaona. Tulimjibu kwamba hawapo hapa, na kwamba huenda hatutawaona maisha yetu yote. Alitafakari kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Kwa muda wa saa mbili hakuna hata mmoja wetu aliyeuona uso wenye njaa, lakini hakuna aliyetoka pale akisema hakuona kitu. Tuliona mizani ikikataa mfuko uliopungua. Tuliona maboksi yakihesabiwa. Tulichokiona ni kazi, na kazi ilitutosha.

Shida huanza pale anayesaidiwa anapokuwa si mtoto wa ng'ambo bali jirani. Katika kaunti yetu ya Anoka zipo nyumba za kugawia chakula bure, ambazo wenyeji wa Minnesota huziita rafu za chakula. Yapo makazi ya dharura ya wasio na nyumba. Ipo Alexandra House ya Blaine, iliyoanza mwaka 1977, inayowahifadhi waliokimbia vipigo na mateso majumbani. Mahali kama hapo pa mwisho kila mtu anaelewa kwamba hapaendwi kwa makundi, kwa sababu ya usalama wa waliomo. Lakini kwenye rafu ya chakula watu huona hakuna neno. Ukienda saa za huduma utaziona nyuso, na baadhi ya nyuso hizo zitakuwa za watu unaowafahamu.

Tunamfahamu mama mmoja wa jamii yetu, msaidizi wa wauguzi, ambaye alipunguziwa saa za kazi wakati ule ule mumewe alipokuwa kitandani anaumwa. Mwendo wa dakika tano kutoka kwake palikuwa na rafu ya chakula. Hakwenda. Aliendesha gari zaidi ya nusu saa, akavuka mto, akapita daraja la barabara ya 610 na kuendelea hadi upande wa pili wa jiji, kwa petroli ya kukopa, kwa kuwa alisikia kwamba "Waswahili hujitolea pale Jumamosi." Hakuwa na ugomvi na mtu. Ni mtu aliyezoea kuchangia harusi na misiba, jina lake halikosekani kwenye daftari la michango. Angewezaje kusimama kwenye foleni na kikapu mkononi mbele ya katibu wa daftari hilo hilo? Haya alitusimulia baadaye, mambo yalipomnyookea, huku akicheka. Waliomsikiliza hawakucheka sana.

Tukio hilo linatufundisha jambo ambalo mara nyingi hatulioni. Dini zetu, Uislamu na Ukristo, zote zinasifu sadaka ya siri. Tumezoea kuelezwa kwamba siri hiyo ni ya kumkinga mtoaji asije akaingiwa na kiburi na kutaka kusifiwa. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya maana. Siri humkinga pia anayepokea. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni stara. Tunapoomba Mungu atusitiri hatuombi mali tu, tunaomba shida zetu zisianikwe juani. Mtu aliyepewa chakula akanyimwa stara amepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Na kwa mtu wa ughaibuni, ambaye jamii yake ni ndogo na habari husafiri kwa simu hadi kijijini kwao kabla hajafika nyumbani na kikapu chake, stara ina thamani kuliko gunia la mchele.

Je, basi jibu ni kutuma hundi na kukaa nyumbani? Laiti lingekuwa jepesi hivyo. Sisi wa Minnesota tumeonja uchungu wa mambo yanayotokea watu wasipokwenda kuona.

Msomaji wa hapa hahitaji kukumbushwa jina la Feeding Our Future, ila kwa walio mbali tueleze kwa ufupi. Lilikuwa shirika lisilo la faida lililosimamia vituo vya kuwapa watoto chakula kwa fedha za serikali kuu, zilizopitia Idara ya Elimu ya Minnesota. Wakati wa janga la korona masharti yalilegezwa ili watoto wasife njaa shule zikiwa zimefungwa. Fedha zilizopitia shirika hilo zilipanda kutoka takriban dola milioni 3.4 mwaka 2019 hadi karibu milioni 200 mwaka 2021. Januari 2022 makachero wa FBI walivamia ofisi. Septemba mwaka huo waendesha mashtaka walitangaza mashtaka dhidi ya watu 47, wakakadiria kwamba dola milioni 250 zimeibwa, na tangu hapo idadi ya walioshtakiwa imepita 70. Mwanzilishi wa shirika, Aimee Bock, alitiwa hatiani Machi 2025. Wengi wa walioshtakiwa ni watu wenye asili ya Somalia, ndugu na majirani zetu, na tangu hapo watu wengi wa Afrika Mashariki wasiohusika kwa lolote wametazamwa kwa jicho la shaka. Jambo hilo linauma, na hatuna budi kulisema.

Lakini tuangalie namna wizi wenyewe ulivyofanyika, kwa kuwa humo ndimo limo somo letu. Vituo vilivyokuwa havijamaliza hata miezi tangu vianzishwe vilidai kulisha maelfu ya watoto kwa siku. Ushahidi wao ulikuwa orodha za majina ya watoto. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, baadhi ya majina yalichotwa kwenye tovuti inayotunga majina ya kubahatisha, na kwa kuwa mpango ulilipia watoto tu, wengine walitumia fomula ya Excel iliyojaza umri wowote kati ya miaka 7 na 17. Ankara za vyakula nazo zilighushiwa. Juni 2024 Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge la Jimbo ilitoa ripoti ikisema usimamizi wa Idara ya Elimu haukutosha na ulitoa mwanya kwa wizi.

Sisi tuliosomea uhandisi tunalitambua kosa la aina hii. Mfumo ule ulipima kitu kilicho rahisi kughushi. Jina la mtoto kwenye karatasi halina uzito, halichukui nafasi, halihitaji lori. Lakini chakula cha watoto elfu mbili ni mzigo. Lazima kije kwa gari, kishushwe, kiwekwe mahali pa baridi, kipikwe, kigawiwe, na mabaki yake yajaze mapipa ya taka. Ankara hughushiwa, lori halighushiwi. Mtu mmoja mwenye akili timamu, angesimama mlangoni saa sita mchana siku mbili tatu bila kumwuliza mtoto yeyote jina lake, angejua ukweli. Asingehitaji kumwona mtoto anakula. Angehitaji kuona masufuria.

Basi tunaona kwamba kwenda kutembelea ni wajibu, na kumwanika anayepokea ni dhuluma, na mambo haya mawili hayagombani. Yanaonekana kugombana kwa sababu tumechanganya vitu viwili: kumkagua anayeshika sadaka na kumkagua anayeila. Hapa kwetu, kwenye mto Mississippi, lipo Bwawa la Coon Rapids, lililojengwa mwaka 1913 na 1914 kwa ajili ya umeme, na sasa ni bustani ambako watu huenda kutembea na kuvua samaki. Mhandisi anayekagua bwawa hana shughuli na wavuvi. Hawaulizi wamepata samaki wangapi wala kama kweli wana njaa. Anakagua ukuta, malango na misingi, kwa kuwa anajua maji yakipasua, yatapasulia pale. Mamilioni yale hayakuibwa na mama aliyechukua mfuko wa pili wa mchele. Yaliibwa kule juu, langoni. Lakini tazama tunakoelekeza shaka zetu! Mtu anayechukua kopo mbili za maharage hutiliwa shaka kama kweli ana shida, na anayepitisha mamilioni huaminiwa kwa karatasi.

Tusidhani kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Wengi wetu tunaporudi nyumbani mwezi Desemba hupita kwenye vituo vya watoto yatima, iwe Nairobi, Arusha au Mombasa, na unga, sukari na sabuni. Watoto hupangwa mstari, huimba, hupigwa picha nasi, kisha tunaondoka. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kuomba kuona hesabu za kituo? Watafiti na mashirika ya watoto wameeleza mara nyingi kwamba watoto wengi wanaoishi vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowatenganisha ni umaskini. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Uso wa mtoto ukiwa ndio unaoleta fedha, hutakosa mtu wa kuzikusanya nyuso. Mgeni anayekuja kutazama nyuso bila kutazama vitabu anailisha biashara hiyo bila kujua.

Kuna wanaotupinga kwa hoja mbili, na si vyema kuzipita kimya. Ya kwanza inasema: mkiacha kumkagua anayepokea, watapokea hata wasiostahili. Kweli, wapo watakaopokea bila shida. Lakini hakuna bomba lisilovuja kabisa, na fundi anajua kwamba tone la mwisho hugharimu kuliko maji yenyewe. Minnesota imefanya hesabu hiyo mashuleni. Machi 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria iliyowapa wanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bure katika shule zilizo kwenye mpango wa taifa wa chakula, kuanzia mwaka wa masomo uliofuata, bila kuuliza mzazi anapata nini. Ndiyo, mtoto wa daktari naye anakula bure, na gharama yake si ndogo. Lakini mtoto maskini haonekani tena kwenye foleni, kwa kuwa foleni ni moja. Stara yake imejengwa ndani ya mfumo, haitegemei upole wa mtu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba mtoaji na mpokeaji wasipokutana kamwe, watabaki wageni, na jamii ya watu wasiojuana si jamii. Tunakubali kwamba wanapaswa kukutana. Swali ni wapi. Wakutane kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye swala na ibada, kwenye uwanja wa mpira, kwenye harusi, mahali ambapo kila mmoja anaingia kwa jina lake na si kwa shida yake. Mezani pa kugawia mmoja ana kila kitu na mwenzake hana hata haki ya kukunja uso, na urafiki hauanzii hapo. Na ikitokea kwamba aliyesaidiwa, kwa hiari yake, anataka kusimulia yaliyompata, hiyo ni habari yake, ataitoa siku atakayotaka, kwa mtu atakayemtaka, kama mama yule alivyofanya.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi kwa safari za mwaka huu. Twende, tena tuende na watoto, lakini tuombe siku ambayo mlango wa huduma umefungwa. Tupange makopo kwenye rafu, tubebe viazi, tupime mchele, tufagie. Tuulize chakula kinatoka wapi, kinaingia kiasi gani, kinatoka kiasi gani, nani anashika funguo za ghala. Tuombe kuona hesabu. Si ufidhuli kuuliza, kwa kuwa sheria ya Marekani inayataka mashirika mengi ya hisani yaonyeshe Fomu 990 kwa yeyote anayeiomba, na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota hutunza usajili wa mashirika yanayochangisha fedha. Makanisa na misikiti hayabanwi na fomu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo sisi waumini tunapaswa kuuliza zaidi huko, si kunyamaza zaidi. Shirika safi hufurahia maswali kama mwenye duka mwenye mizani sahihi anavyofurahia mteja anayetazama mshale. Kamera zibaki kwenye gari. Na anayejitolea saa za huduma akimwona mtu anayemfahamu, amsalimie kama angemsalimia sokoni, amuulize habari za watoto, kisha amsahau alimwona wapi.

Watoto wetu watauliza tena wako wapi hao tunaowasaidia. Tuwaambie kwamba huenda wapo hapa hapa, darasani mwao, timuni mwao, labda hata kwenye kundi letu lililokuja na magari matatu kupanga makopo. Tuwaambie hawana haja ya kuwajua. Kinachotakiwa ni kujua kwamba chakula kilikuwepo, kilipimwa, hakikuibwa, na kwamba aliyekihitaji aliweza kuja kukichukua dakika tano kutoka nyumbani kwake, bila kuvuka mto.